Fedha ya Serikali na Mtoto wa Shule

Mwezi huu twapenda kusoma pamoja juu ya neno lililoletwa kwetu na mzee mmoja wa kanisa wa upande wa Balangdalalu, katika wilaya ya Hanang. Mjukuu wake wa kike alimaliza Darasa la Saba, akachaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza. Shule aliyopangiwa ni ya kutwa, nayo iko mbali. Mtoto akiondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, hufika wenzake wakiwa wamekwisha kuketi. Mzee akaenda kuuliza habari za shule ya bweni ya kanisa. Akaambiwa ada yake, akashukuru, akarudi kimya. Ndipo akatuuliza: "Wachungaji, Serikali imesema yalipa kwa ajili ya kila mtoto. Basi fungu la huyu wangu liko wapi? Kwa nini nisipewe mkononi, nikalipeleke katika shule niitakayo?"

Tulitaka kumjibu upesi, tukaona hatuwezi. Maana swali lake ni fupi, bali ndani yake mmefungwa maswali mengine: fungu la mtoto ni kiasi gani hasa, nani alishike, na je, pana mahali pa kulipeleka? Watu wengi hushindana juu ya nani alishike, nao hawajauliza bado ni kiasi gani wala liende wapi. Sisi tutajaribu kuyachukua yote, ijapokuwa si kwa usawa, kwa kuwa moja ni zito kuliko mengine.

Jambo alilolitaka mzee huyu lina jina. Huitwa vocha ya shule. Neno vocha si geni kwetu. Kina mama watakumbuka hati punguzo iliyoanza kutolewa mwaka 2004, ambayo mama mjamzito aliipata kliniki, akaipeleka dukani kununua chandarua kwa bei iliyopunguzwa. Wakulima watakumbuka vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008, za mbolea na mbegu, zilizolipa karibu nusu ya bei, na nusu ya pili mkulima aliitoa mfukoni mwake. Vocha ya shule ni jambo lilo hilo. Serikali haipeleki fedha kwa mwalimu mkuu. Yampa mzazi hati, naye mzazi huipeleka katika shule aipendayo, iwe ya Serikali, iwe ya kanisa, iwe ya mtu binafsi, na shule hulipwa kwa hesabu ya hati ilizozipokea. Mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika mwaka 1955 kwamba si lazima Serikali inayolipia elimu iendeshe shule yenyewe, na tangu hapo watu wamebishana juu ya neno hilo katika nchi nyingi.

Lakini tukumbuke pia yaliyozipata vocha zetu. Mama aliyeshika hati punguzo mahali pasipo duka lenye vyandarua alishika karatasi tu. Mkulima asiyekuwa na nusu ya pili aliweza kushawishika kumwuzia wakala vocha yake kwa fedha kidogo, na mbolea ikaenda kwa mwenye nacho. Maneno haya mawili, duka na nusu ya pili, tuyaweke moyoni, tutayahitaji mbele.

Wako wanaodhani kwamba ni aibu kanisa kuitazama fedha ya Serikali kwa ajili ya watoto. Sivyo walivyodhani wazee wetu wa imani. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule na kuzitunza. Hoja yake ilikuwa hoja ya hesabu: mji hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa bunduki, barabara, na madaraja, basi kwa nini usitumie nyingi zaidi kwa ajili ya vijana, ambao ndio mji wenyewe wa kesho? Tena mwaka 1530, alipoandika juu ya kuwapeleka watoto shuleni, aliona kwamba mtoto maskini mwenye akili apewe msaada asome, wala asiachwe kwa sababu baba yake hana kitu. Kwa hiyo swali la mzee wa Balangdalalu lina ukoo wa miaka mia tano katika kanisa letu.

Katika nchi yetu nalo si jipya. Mwaka 1924 ilipita Afrika ya Mashariki tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana sasa, alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Mwaka uliofuata, siku za Gavana Cameron, Serikali ya Tanganyika iliwaita wamisionari Dar es Salaam kufanya shauri juu ya shule, na mwaka 1927 ikatungwa sheria ya elimu ya Waafrika. Kwa sheria ile misheni iliweza kupewa ruzuku kwa ajili ya shule zake, nayo ikakubali kukaguliwa, kufuata mafundisho yaliyoagizwa, na kuwa na waalimu wenye hati. Tuangalie vema ruzuku ile ilikuwa nini. Haikuwa hati mkononi mwa mzazi. Zaidi ya yote ilikuwa msaada wa mshahara wa mwalimu. Mwalimu akiwa na hati, sehemu ya mshahara wake ilitoka Serikalini. Asipokuwa nayo, shule yake haikupata kitu.

Na hapo wasomaji wetu wainjilisti wataelewa bila kuambiwa. Shule zilizokuwa nyingi kuliko zote zilikuwa vile vishule vya vijijini, chini ya mti au katika kibanda cha nyasi, ambamo mwinjilisti alifundisha kusoma, kuandika, hesabu kidogo, na katekisimo. Hivyo havikupata ruzuku. Fedha ya umma ilikwenda mahali palipokuwa na kitu tayari: jengo, mwalimu aliyesoma, njia ya mkaguzi kufika. Palipokuwa hapana kitu, palibaki hapana. Twalisema neno hili si kwa kuwalaumu watu waliokwisha kufa, bali kwa sababu ndilo kosa ambalo kila mpango wa fedha ya shule huelekea kulirudia, na vocha kuliko mipango mingine.

Baada ya Uhuru njia ilibadilika. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizichukua shule zilizokuwa zikipata ruzuku, ikaanza kuziendesha yenyewe mwaka 1970. Hivyo Ilboru karibu na Arusha, chuo cha waalimu cha Marangu, na Kinampanda kule Iramba, ambavyo Walutheri walivijenga, vikawa vya taifa. Wengine walihuzunika, na huzuni hiyo imesimuliwa katika nyumba nyingi. Sisi twaona kwamba jambo lile lilikuwa na haki ndani yake: mtoto wa Mwislamu, na mtoto wa mfugaji asiyebatizwa, waliingia katika shule zile wasiulizwe dini ya baba zao. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi iliondolewa, na mwaka 1974 likatoka Azimio la Musoma la kuwapeleka watoto wote shuleni. Fedha ilipopungua miaka ya 1980, ada na michango vikarudi, na makanisa yakaanza tena kujenga shule za sekondari; lakini safari hii yalijenga bila ruzuku, kwa ada za wazazi na msaada wa marafiki. Tangu wakati huo pana pande mbili zisizochanganyika: shule ya Serikali yenye fedha ya Serikali, na shule ya kanisa yenye ada.

Sasa twaja kwenye fungu la mtoto. Ada ya shule ya msingi iliondolewa tena mwaka 2001. Kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za Serikali mpaka Kidato cha Nne, kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 Kidato cha Tano na cha Sita vikafuata. Badala ya ada, Serikali hupeleka ruzuku kwa hesabu ya wanafunzi. Kwa kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2016, mwanafunzi wa shule ya msingi alihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka: shilingi 6,000 zipelekwe shuleni moja kwa moja, na 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Wa sekondari alihesabiwa 25,000, nusu shuleni na nusu kwa vitabu, tena shilingi 20,000 za kufidia ada iliyoondolewa kwa wanafunzi wa kutwa. Wa bweni alihesabiwa shilingi 1,500 kwa siku kwa chakula.

Chukua kalamu, ndugu mwinjilisti, ufanye hesabu hii pamoja na wazee wako. Shilingi 6,000 ukizigawa kwa miezi kumi na miwili wapata 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yenye watoto 400 yapata shilingi 200,000 kwa mwezi, na humo itoke chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya madawati, na mengine yote. Tena kiwango hicho cha 10,000 ni cha kale; mpango wa shule za msingi ulioanza mwaka 2002 ulikiweka ukikadiria dola 10, na wakati ule shilingi 10,000 zilikaribia kweli dola 10. Kufikia mwaka 2016 zilikuwa kama dola nne na nusu. Jina la fungu lilibaki, bali fungu lenyewe lilinyauka kama mahindi yasiyopata mvua ya pili.

Basi tuseme mzee wetu amekubaliwa, naye apewa mkononi fungu lote la mjukuu wake wa sekondari, ruzuku na fidia pamoja. Ni shilingi 45,000. Ada ya shule ya bweni ikiwa milioni moja, na ziko nyingi zinazopita hapo, fungu lake halifiki hata sehemu moja ya ishirini. Zile nyingine ni ile nusu ya pili ya vocha ya mbolea, ila hapa si nusu. Hivyo hati hii ingemsaidia nani? Ingemsaidia yule ambaye tayari alipa milioni moja, angepata punguzo la 45,000, naye angeshukuru. Mzee wetu angeishika kama mama yule alivyoishika hati punguzo pasipo duka.

Mbona fungu ni dogo hivyo? Ni kwa sababu sehemu kubwa ya fedha ambayo Serikali hutumia kwa ajili ya mtoto haimo ndani yake. Iko katika mshahara wa mwalimu, ambao hulipwa kwa njia nyingine kabisa. Mtu akikuambia kwamba fedha imfuate mtoto, mwulize kwanza: mwalimu naye atamfuata?

Hapa mzee wetu alikuwa na neno la pili, nalo lilitufanya tunyamaze kitambo. Alisema: "Mwana wa ndugu yangu alisoma chuo kikuu cha kanisa kwa fedha ya Serikali." Ni kweli. Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, humkopesha mwanafunzi wa elimu ya juu, na mkopo humfuata katika chuo alichokubaliwa, hata kikiwa si cha Serikali. Kijana akienda Makumira, ada yake hupelekwa Makumira. Hiyo ni vocha, ijapokuwa haiitwi hivyo, na yapaswa kurudishwa. Tangu mwaka 2016 mwenye kazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Hivyo fedha ya umma humfuata kijana wa miaka ishirini mpaka katika chuo cha Kilutheri, lakini haimfuati binti wa miaka kumi na minne mpaka katika sekondari ya Kilutheri. Tena yule wa kwanza amekwisha kuvuka mto. Huyu wa pili bado yuko ng'ambo. Hatuoni sababu ya haki ya tofauti hiyo, ila hii tu, kwamba vyuo ni vichache na watoto ni wengi.

Mataifa mengine yalifanyaje? Waholanzi walishindana juu ya shule za dini kwa muda mrefu, na mwaka 1917 wakaandika katika katiba yao kwamba shule ya dini na shule ya Serikali zipate fedha sawasawa. Huko mshahara wa mwalimu umo, ndiyo maana mpango umesimama zaidi ya miaka mia. Chile, nchi ya Marekani ya Kusini, ilianza mwaka 1981 kulipa kila shule kwa hesabu ya watoto, iwe ya umma au ya mtu binafsi. Shule nyingi za watu binafsi zikafunguliwa, hasa mijini. Nazo zikaanza kuchagua watoto na kuwaongezea wazazi malipo juu ya fedha ya Serikali. Wenye uwezo wakakaa pamoja, na maskini wakakaa pamoja. Ilibidi sheria ya mwaka 2015 izikataze shule zinazolipwa na Serikali kuchagua watoto, na kuanza kuondoa malipo yale ya juu na faida ya wenye shule.

Habari ya Colombia yatupendeza zaidi. Kati ya mwaka 1991 na 1997 Serikali yao ilitoa hati kwa watoto zaidi ya 125,000 wa maskini waende sekondari za watu binafsi, na palipokuwa na waombaji wengi kuliko hati walipiga kura. Wataalamu waliowafuata watoto wale walikuta, baada ya miaka mitatu, kwamba waliopata hati walikuwa wamemaliza darasa la nane kwa wingi kuliko waliokosa, tofauti ya kama kumi katika kila mia. Ni matunda mema. Lakini yalitokea mijini, mahali ambapo shule za watu binafsi zilikuwapo tayari na nafasi ndani yake. Duka lilikuwapo.

Karibu nasi zaidi, Uganda ilipoanza elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, shule zake hazikutosha, hivyo Serikali ikakubaliana na shule za watu binafsi na za makanisa, ikazilipa shilingi 47,000 za Uganda kwa kila mwanafunzi kwa kila muhula. Watoto wengi waliingia darasani kwa njia hiyo. Lakini malipo yalichelewa, na wengine waliandikwa wasiokuwapo. Mwaka 2018 Serikali ikaanza kuuondoa mpango ule, ikiazimia kujenga sekondari ya umma katika kila tarafa ndogo isiyokuwa nayo. Shule zilizokuwa zimeitegemea fedha ile zilibaki na waalimu wa kulipwa na watoto waliozoea kutolipa. Yeyote anayeliombea kanisa fedha ya Serikali na awaze juu ya siku ile fedha itakapokoma.

Tutoke sasa Kampala na Santiago turudi Hanang. Nchi hii msomaji wetu aijua kuliko sisi. Kijiji ni kipana, nyumba iko mbali na nyumba, na jamaa za Wabarbaig huhama na ng'ombe wakati wa kiangazi kutafuta maji na majani. Mahali penye shule moja, hati ya kuchagua yachagua nini? Mtoto asiye na shule ya pili karibu ana uchaguzi mmoja tu, kwenda au kutokwenda. Tena ruzuku huhesabiwa kwa vichwa vilivyoandikwa. Jamaa wakihama mwezi wa Agosti, mtoto hupotea katika daftari la shule moja bila kuonekana katika daftari la nyingine, na fungu lake halimfuati porini. Twakubali kwamba hilo lingekuwa jambo jema sana la kulifanyia akili: hati ya mtoto wa mfugaji, impe haki ya kupokewa katika shule yoyote atakayoifikia, na shule ile ilipwe kwa siku zake. Vocha ya namna hiyo sisi tungeiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hiyo sivyo wanavyoiwaza wale waiandikao mijini.

Watu wa Hanang wamekwisha kuona fedha nyingi ya umma ikipita mbele ya mlango. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa upande wa Basotu, yakayachukua malisho ya Wabarbaig. Matrekta yalikuja, ngano ikaondoka. Hatusemi kwamba shule ni kama mashamba yale. Twasema tu kwamba mtu wa huku akiambiwa, "Fedha hii ni kwa ajili yako," ana haki ya kuuliza itashuka kituo gani.

Basi ishuke wapi? Tuliwauliza waalimu na wazazi ni nini kinachomtoa mtoto shuleni, hawakutaja uchaguzi hata mara moja. Walitaja njia ndefu, njaa ya mchana, na mahali pa kulala. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 wasema wazi kwamba sare, daftari, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Tena Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango shuleni, na wazazi wengine walisikia kwamba hata debe la mahindi kwa uji limekatazwa, wakaacha kuleta. Na hapo uji ukakoma. Kwa ajili ya njia ndefu, wazazi wengine hupanga chumba karibu na shule, na binti wa miaka kumi na minne hukaa humo peke yake akijipikia. Hatari zake hatuna haja ya kuziandika. Kila mchungaji amewahi kuketi na wazazi wakilia juu ya jambo hilo.

Kwa sababu hiyo shauri letu ni hili, nalo twalitoa tukijua kwamba wengine wetu hawatalipenda. Sharika za huku zisianze kwa kudai vocha. Zianze kwa kitanda, uji, na mwalimu. Bweni la wasichana likijengwa karibu na sekondari ya kata, hata kama shule ni ya Serikali na bweni ni la usharika, fungu la mtoto litakuwa limemfuata mpaka mahali anapoweza kulitumia. Hilo kanisa laweza kulifanya pasipo kungoja sheria mpya. Fedha ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambayo hupewa kaya yenyewe na sehemu yake hutegemea mtoto kuhudhuria shule, yaweza kusaidia pia. Wazee wa mtaa waangalie kama wajane wa usharika wameandikwa.

Kuhusu mwalimu, pana mfano ambao haupo mbali. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ni ya kanisa, lakini Serikali imechangia mishahara ya watumishi wake, kwa maana wagonjwa wanaotibiwa pale ni raia. Hakuna aliyeona kwamba dini imeharibika, wala kwamba Serikali imenyang'anywa. Tena nchini Kenya shule nyingi zilizoanzishwa na makanisa ni za umma; kanisa ni mlezi wake, na mwalimu hulipwa na tume ya Serikali. Kama viongozi wetu wataka kusema na Serikali juu ya shule zetu, na waseme juu ya mwalimu, kama wazee wa mwaka 1927, wala si juu ya shilingi 45,000. Lakini wajue bei yake. Shule ipokeayo mwalimu wa umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya dini ya baba yake, wala kuchagua wenye alama za juu peke yao, na vitabu vyake vya hesabu vitafunguliwa mbele ya mkaguzi. Sisi twaona bei hiyo ni halali. Ziko shule ambazo hazitakubali, na hizo zisiombe.

Jambo dogo la mwisho, nalo ni la mwezi huu. Ruzuku ipelekwayo shuleni ni fedha ya umma, na wazazi wana haki ya kujua imefika kiasi gani na imetumika kwa nini. Hubandikwa kwenye ubao wa matangazo au husomwa katika mkutano. Ni wainjilisti wangapi wamewahi kusimama mbele ya ubao ule wakasoma? Wanaojua kusoma katika kitongoji ni wachache kuliko tunavyodhani, na wanaothubutu kuuliza ni wachache zaidi. Mwinjilisti akiwa mjumbe wa kamati ya shule, achukue daftari, aandike idadi ya watoto, aizidishe kwa kiwango, alinganishe na kilichofika. Akikuta upungufu, asianze kwa kumshtaki mwalimu mkuu. Mara nyingi huyo ndiye wa kwanza kuumia. Aulize kwa heshima, kisha aende kwa mtendaji wa kata, na jibu aliandike na tarehe yake.

Mzee wetu tulimwonyesha hesabu hizi zote juu ya karatasi, mpaka ile 45,000. Aliitazama sana. Akasema, "Kumbe nilikuwa nalilia fungu lisilonunua hata godoro." Kisha akauliza kama ile nyumba ya zamani ya mwinjilisti, iliyo nyuma ya kanisa karibu na sekondari, bado ina bati zima. Jumapili iliyofuata wazee waliifungua wakaipima. Yaweza kuingia vitanda vinane, ikitiwa mlango mpya na choo, na mama mmoja mjane amekubali kulala humo pamoja na wasichana. Wasichana waliochaguliwa kutoka mitaa ya mbali ya usharika ule ni kumi na mmoja.